Kabla Ucheke Miguu ya Meza Yangu, Soma Hii

Wasee, wale mnanifuata mnaijua meza yangu. Ile ya drafti, inayokunjika katikati kama mkoba. Naibeba kwa boda mtaa hadi mtaa, watu wanacheza na visoda, mimi narekodi. Tangu niache chuo, hiyo meza ndiyo kazi yangu. Juzi nikaiongeza stendi na komenti zikajaa: ati nimeivalisha viatu, ati nimeiongezea uzito wa bure. Sawa, chekeni. Lakini miguu ya mchezo ni stori ya miaka karibu elfu nne, na hakuna mwalimu aliyewahi kunipa.

Tuanze hapa nyumbani. Nakuru kuna mahali panaitwa Hyrax Hill, pale Mary Leakey alichimba 1937 na 1938. Kuna mashimo ya bao yamechongwa moja kwa moja kwenye mwamba. Bao hilo halina miguu na haliitaji, kwa sababu haliendi mahali. Ukitaka mechi, wewe ndiye unalifuata. Mvua inyeshe, jua liwake, mwamba haujali.

Shida inaanza siku mtu anasema, "Mimi nataka kutembea na mchezo wangu." Hapo unahitaji mbao, na mbao ina maadui: maji ya chini, kona kugongwa, kete kupotea njiani.

Sasa twende Misri. Mwaka wa 1910, Howard Carter na Lord Carnarvon walikuwa wakichimba makaburi ya Thebes. Wakapata kimeza kidogo cha mchezo, unaweza kukibeba kwa mkono mmoja. Juu kina mashimo 58, na vijiti 10 vya kuchezea: vitano vina vichwa vya mbwa, vitano vya mbweha. Chini kina droo ya kuweka vijiti, na komeo la kuifunga. Halafu kinasimama kwa miguu minne iliyochongwa kama ya mnyama. Ni cha miaka ya 1800 hivi kabla ya Kristo, na leo kiko Metropolitan Museum, New York. Angalia huyo fundi alivyofikiria: pa kuchezea, pa kuweka vitu, na cha kusimamia. Yote kwa kitu kidogo hivyo.

Miaka 12 baadaye, 1922, Carter huyo huyo akapata kaburi la Tutankhamun, mfalme aliyekufa akiwa na miaka kama 19. Rika letu, manze. Alizikwa na michezo yake. Kuna sanduku moja la mpingo na pembe za ndovu: upande mmoja miraba 30 ya senet, ugeuze, upande wa pili miraba 20. Limekaa juu ya stendi yenye miguu kama ya simba, na hiyo miguu imekaa juu ya mbao mbili za kuteleza, kama za kuburuta mzigo. Yaani hata mchezo wa mfalme haukuachwa ulale chini.

Ruka hadi karne ya 19. Maofisa wa jeshi la Uingereza walikuwa wakisafiri na meza zao vitani. Miguu inakunjwa au inafunguliwa, na kona zinavalishwa shaba nyeupe au njano ili zisipasuke zikigongwa. Shida yao ni ile ile yangu: si kucheza kunaharibu meza, ni safari.

Na mimi nilijifunza hiyo kwa machungu. Hiyo meza tulitengeneza na Mzee wangu, kutoka kwa plaiwudi iliyobaki kazini kwake. Wakati huo hatukuwa tunaongea sana, kwa sababu ya mambo ya chuo. Akaniambia, "Weka miguu." Nikamjibu, "Mzee, hiyo ni uzito tu." Hakubishana.

Ikaja mvua. Kila nikingoja boda, naiegemeza kwa ukuta, ukingo wake uko kwa tope. Plaiwudi hufyonza maji pale ilipokatwa. Baada ya wiki kadhaa gundi ikaachia, tabaka zikafunguka kama kurasa, na miraba ya pembeni ikavimba mpaka visoda vinateleza. Wiki mbili sikuwa na video. Wiki mbili sikuwa na doo.

Nikamrudia Mzee. Hakusema "nilikuambia." Alikata ukingo ulioharibika, akapaka vanishi mara tatu, kisha akafunga stendi mbili za bawaba, kama za boda. Zikifunguka zinapita kidogo ile pembe ya kusimama wima, halafu zinagonga kibao cha kuzizuia. Kwa hivyo uzito wa meza unazikaza, hauzikunji. Chini zina vipande vya tairi kuukuu. Sasa meza ikiegemezwa, hakuna ubao unaogusa chini.

Maoni yangu ni haya: tunasifu sana anayeshinda mchezo, na tunasahau fundi aliyehakikisha mchezo unafika. Yule wa Thebes jina lake hatulijui. Wangu namjua, na sasa tunaongea kila jioni.

Haya, niambieni: mtaani kwenu drafti inachezewa juu ya nini, na nani aliitengeneza?