Mzani wa Pamba na Wenye Kuusimamia

Huenda hujapata kufika Dutwa. Ni kata ya Bariadi, mbali na bahari, katika nchi ya Wasukuma iliyokuwa chini ya mkoa wa Shinyanga hata ulipoundwa mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Watu wa huko hulima pamba, na habari ya pamba hiyo yamhusu kila aliyekabidhiwa watu kazini, hata awe na duka la vijana watatu Tanga au Mombasa.

Zamani za ukoloni mkulima wa Usukuma alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, akapimiwa na mtu wa mnunuzi, akaandikiwa na karani wa mnunuzi. Mzani ulisemaje? Hakujua. Palipo na giza kama hilo kila mtu humdhania mwenziwe, na karani mwaminifu hutukanwa sawasawa na mwizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, wasimame kando ya mzani na kuhakikisha uzito. Basi, hayo tu! Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa chama cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza, alizunguka akiviunganisha vikundi vya wakulima, na mwaka 1955 kikazaliwa chama kikuu cha VFCU, yeye akiwa meneja wake. Ulipofika uhuru mwaka 1961, pamba ya jimbo la Ziwa ilikuwa ikinunuliwa kupitia ushirika.

Lakini chama kilipokua, mzani ulibaki kijijini na maamuzi yakahamia mjini. Manung'uniko yakazidi. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, nayo ikaona kwamba wanachama hawakuyajua mambo ya vyama vyao, mafundi wa kazi walikuwa haba, siasa iliingilia, na huko juu sauti ya mwanachama ilikuwa imepotea.

Dawa iliyotolewa ilikuwa ya juu pia. VFCU ikageuzwa kuwa Nyanza, na sheria ya mwaka 1968 ikaunda tume ya kuajiri na kuadibu watumishi wa ushirika. Kutaka karani ajuaye hesabu si kosa, nami nakubali. Ila sasa karani alimwogopa bwana aliye mbali, na mkulima aliyesimama mbele yake hakuwa na la kumfanya. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa vyote. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha.

Wewe je, ukikuta wafanyakazi wako wanagombana, huanzia wapi? Wengi wetu humhamisha mmoja na kumkaripia mwingine, kwani ni rahisi. Uliza kwanza: nani hupima, nani huandika, na nani ana ruhusa ya kutazama? Twaisoma Surat al-Mutaffifin tukidhani ni ya wauza nafaka, na hali zamu, posho na sifa nazo hupimwa, mara nyingi nyuma ya mlango. Aliyepunjwa zamu mwezi mzima hatatulizwa na hotuba ya umoja.

Mwaka 2018 serikali iliagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi. Mzani ukarudi kijijini, na mwenye kushika daftari akawa jirani wa wale anaowapimia, nao wanaijua njia ya nyumbani kwake.