Watoto wa Soweto na Shule ya Mazimbu



Kila tarehe 16 Juni watoto wetu huandamana na mabango, huimba, hucheza ngoma, kisha hupewa soda. Wengi wao hawajui wanamkumbuka nani. Lawama ni yetu sisi walimu: tumewafundisha nyimbo, habari yenyewe tumeiacha.

Mwaka 1974 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliagiza kwamba katika shule za Waafrika hisabati na maarifa ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo hata walimu wengi hawakuimudu. Waliotangulia kugoma hawakuwa wanafunzi wakubwa. Walikuwa wadogo wa shule ya Orlando West, Soweto, mwezi Mei 1976. Ni rika la watoto wetu wa madarasa ya juu: sauti inavunjika, aibu nyingi, kila mmoja anajiuliza yeye ni nani. Tarehe 16 Juni maelfu waliingia barabarani. Polisi walifyatua risasi. Hector Pieterson, mmoja wa waliouawa siku ile, alikuwa na miaka 12.

Ujasiri huo ulikuwa na walimu wake. Tangu 1969 wanafunzi wa vyuo, Steve Biko akiwa kiongozi wao, walikuwa wakisema kwamba mtu mweusi aache kwanza kujidharau. Mwenzao Onkgopotse Tiro alifukuzwa chuo kikuu mwaka 1972 kwa hotuba ya kulaumu elimu ya ubaguzi, akaenda kufundisha historia shule ya Morris Isaacson, Soweto. Huko nako aliondolewa, akakimbilia Botswana. Tarehe 1 Februari 1974 aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Alikuwa mwalimu na mkimbizi, kama sisi. Tsietsi Mashinini, aliyeongoza maandamano ya 1976, alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo hiyo.

Baada ya mauaji vijana wengi walikimbia, na baadhi wakafika Tanzania. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Ikajengwa shule, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Wanafunzi walifanya kazi za mikono pamoja na masomo, na walisoma historia ya nchi yao ambayo kwao ilifichwa. Mwaka 1992 shule ilikabidhiwa kwa Tanzania.

Tukisoma habari hizi tunaona haya. Msichana mmoja wa miaka 13 alitumwa na mmoja wetu kuchota maji wakati wa kipindi cha hesabu. Alijibu kwa heshima kabisa: “Mwalimu, naomba nisome kwanza.” Tulimpigisha magoti mbele ya wenzake. Muhula mzima hakunyoosha mkono tena.

Sasa kila Jumamosi tunawazoeza kutaja jina lao kamili na kijiji cha wazazi wao, na kukataa jambo baya kwa sauti ya kawaida, bila matusi na bila kuinamisha kichwa. Wapo wazazi wanaosema tunafundisha kiburi. Hofu yao tunaielewa, maana mkimbizi amezoea kunyamaza ili aishi.

Mwaka huu watoto wenyewe ndio watakaosimulia habari hii jukwaani, kwa maneno yao. Tunawaomba wazazi na viongozi wasiwakatize.