Bandi na Kupaka: Maneno Mawili ya Nyumba Yetu

Binti wa kaka yangu, mzaliwa wa London, aliniuliza neno la Kiingereza «baste» twaliitaje kwa Kiswahili. Nikamrudishia swali: la nguo au la jikoni? Kwani Waingereza hutamka neno moja kwa kazi mbili zisizohusiana. La ushoni waliliazima katika Kifaransa cha kale. La jikoni asili yake haijulikani kwa yakini. Wazee wetu hawakuwa na mchanganyiko huo: mshoni alipiga bandi, mpishi alipaka.

Kupaka wajukuu wote wakujua. Samaki hubanikwa juu ya makaa, na tui zito lililopikwa kwa ukwaju, pilipili, bizari na kitunguu thomu hupakwa juu yake. Hugeuzwa, akapakwa tena, hata tui likamshika. Ndiyo maana huitwa samaki wa kupaka, na kuku vivyo hivyo.

Bandi ndiyo iliyosahauliwa. Ni mshono mrefu, uliolegea, wa kushikiza vipande viwili vya kitambaa kabla ya kushonwa barabara. Bibi yetu alitumia uzi mwekundu juu ya bafta nyeupe, auone vyema wakati wa kuufumua. Hapa Maskati nguo zetu hushonwa dukani, na neno likakosa kazi.

Familia yetu ilitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ikafika Omani baada ya 1970, Sultani Qaboos alipokwisha shika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo. Katika kasha la Bibi mlikuwamo kanzu ya Babu, pindo lake na ubavu mmoja vingali katika bandi. Kila alipoulizwa alijibu, «Nitaimaliza tukirudi.» Babu alifariki, kisha yeye, na kanzu haikuguswa.

Mwaka huu kaka wa binti yule alikuwa aoe, akaiomba kanzu hiyo. Nilisita siku nyingi, kwa kuwa kuimaliza ni kukiri kwamba safari ile ya kurudi haipo tena. Mwishowe tuliketi tukaishona kwa mkono, mimi ubavu, yeye pindo. Kisha nikampa mkasi.

Alipokuwa akiuvuta ule uzi mwekundu aliuliza, «Shangazi, hii ndiyo bandi?»

Nikamwambia, «Ndiyo hiyo, mwanangu. Ifumue taratibu.»