Kiboko wa Mahurunga ni wa Nani?

Miaka michache iliyopita nilifika Mahurunga, karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, nikiwa na wanafunzi wangu wa historia. Mpunga ulikuwa unakomaa. Msimu huo mkulima wa bondeni halali nyumbani. Hukesha kwenye dungu akipiga madebe, ili kiboko anayetoka mtoni usiku asimalize jasho la mwaka mzima. Mzee mmoja alitusikiliza tukieleza sheria za uhifadhi, kisha akauliza: "Mwanangu, mbuzi wangu akila mpunga wa jirani, nitalipa mimi. Sasa huyu kiboko ni wa nani?"

Siku ile sikumjibu ipasavyo. Makala hii ni jaribio la kumjibu, na jibu lake linaanzia zaidi ya karne moja nyuma.

Mwaka 1896 gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji iliyodai vibali vya kulipia na kutenga maeneo ya hifadhi. Mnyama aliyekuwa akiwindwa kwa desturi za wenyeji akawa kitu cha kuombewa ruhusa serikalini. Wakati huo Kionga, ng'ambo ya kusini ya mlango wa Ruvuma, nayo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, ambao waliitwaa mwaka 1894. Kiboko aliyevuka mto pale alibaki chini ya bendera ile ile. Ureno iliichukua Kionga mwaka 1916 na kuthibitishiwa mwaka 1919. Tangu hapo kiboko anayevuka usiku hubadili sheria inayomlinda, ingawa njaa yake haibadiliki.

Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni, Ujerumani na Ureno yakiwamo, yalitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeketi katika meza ile. Kiboko na nguva waliwekwa katika orodha ya wanyama wa kuuawa kwa idadi ndogo tu. Simba, chui, fisi, nyani na mamba waliwekwa katika orodha ya waharibifu wa kupunguzwa, na mayai ya mamba yalitakiwa kuharibiwa. Mkataba haukuanza kutumika kwa sababu haukupata uridhiaji wa kutosha, lakini fikra zake zilibaki. Nikizisoma orodha hizo naona kipimo cha mwindaji kuliko cha mkulima: kiboko, adui wa mpunga, alilindwa kwa sababu alikuwa windo lenye thamani.

Waingereza waliirithi fikra hiyo. Sheria yao ya wanyamapori ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1921, na Pori la Akiba la Selous likaanzishwa mwaka 1922. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la uhifadhi, ambalo lisichanganywe na lile la mwaka 1967, akikubali kwa niaba ya wananchi dhamana ya kuwatunza wanyamapori. Ikafuata Sheria ya mwaka 1974, kisha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, inayosema kuwa wanyama wote ni mali ya umma na wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Kwa hiyo, mzee wangu, kiboko ana mwenyewe. Tena mwenyewe huyo hujitokeza haraka mnyama akishakufa: mwananchi akikutwa na nyama au meno yake bila kibali, hushtakiwa kwa kumiliki nyara za Serikali, na shauri huweza kuwa la uhujumu uchumi. Lakini kiboko huyo huyo akiwa hai, tumbo limejaa mpunga wa watu, umiliki hupungua sauti.

Ushahidi umo katika maneno yenyewe ya sheria. Kanuni za mwaka 2011 hazisemi fidia. Husema kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa majeraha na vifo. Viwango vya mwaka ule vilikuwa shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa ekari zisizozidi 5. Na shilingi 1,000,000 kwa uhai wa mtu. Fidia ni deni, na anayedai deni huweza kusimama mahakamani. Kifuta machozi ni huruma, na huruma haina tarehe ya mwisho wa malipo. Hata viwango vikipandishwa mara kumi, jina hilo litaendelea kumweka mkulima katika nafasi ya mwombaji.

Si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kuwa tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini, na mikoa ya kusini ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Wengi walishambuliwa wakati wa mavuno, wakilala mashambani kuwazuia nguruwe pori. Dungu, basi, ni mahali ambapo maskini hulipia uhifadhi kwa mwili wake.

Sisemi ulinzi wa wanyama ulegezwe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 ilitambua kuwa mnyama huhisi maumivu, na hiyo ni hatua ya kujivunia. Wala sidharau hoja ya watumishi wenzetu kwamba fidia kamili itafungua mlango wa madai ya uongo, au kwamba mashamba mengine yamelimwa kwenye mapito ya wanyama. Hoja hizo zinadai tathmini makini na mipango bora ya ardhi. Hazifuti deni. Mahurunga imo katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya sheria ya mwaka 1994, na watu wake hawawezi kutakiwa kuwa walinzi wa mali ya umma mchana na wahanga wake usiku.

Pendekezo langu ni moja: Bunge liandike fidia pale palipoandikwa kifuta jasho na kifuta machozi, liweke muda wa kulipa, na limpe mkulima haki ya kukata rufaa. Mdhamini anayedai nyara za mnyama aliyekufa akubali pia hasara iliyoletwa na mnyama aliye hai. Mzee wa Mahurunga huishi kwa kanuni hiyo kila mbuzi wake anapovuka mpaka wa shamba.