Waunga Mifupa na Wanyoosha Migongo
Kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha maungio ya uti wa mgongo kwa mikono, ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895, hivyo ni changa mno mbele ya kazi ya waunga mifupa wa vijijini, wanaofunga mfupa uliovunjika kwa vijiti. Nchini Tanzania, sheria ya 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lenye kusajili waganga. Usajili, hata hivyo, haumpimi mgonjwa: kifua kikuu cha uti wa mgongo hujificha ndani ya maumivu ya kawaida, na pingili iliyolika ikibinywa huweza kuleta kupooza; hivyo mwenye ganzi miguuni, homa za jioni au kukonda apigwe eksirei kwanza.