Nyumba ya Vyumba Sita: Ubomoaji wa Makazi ya Kale Mjini Dar es Salaam

Sisi wa Kaole tumezaliwa kando ya magofu, na kwa hiyo twaujua mji uliokufa kwa kuachwa. Misikiti yake miwili na makaburi yake ya matumbawe hayakuangushwa na mtu. Bandari iliingiwa na mikoko, biashara ikahamia Bagamoyo, mvua na mizizi ikamaliza kazi. Bagamoyo nayo ikapokonywa ukubwa wake mwaka 1891, Wajerumani walipohamishia Dar es Salaam makao makuu ya utawala wao, na wazee wetu wengi wakaifuata riziki huko. Basi mtu wa Kaole akisimulia habari za nyumba zilizobomolewa Kariakoo na Magomeni hasimulii mambo ya ugenini.

Hapana budi kwanza tuitazame nyumba yenyewe, kwa kuwa waliotaka kuibomoa mara nyingi waliitazama kuta tu. Mbele pana baraza. Mlango ukifunguliwa, ukumbi mwembamba hupasua nyumba katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono huu, hata kutokea uani, penye jiko, choo na kamba ya kuanikia. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti, baadaye mabati au madebe yaliyopasuliwa. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki hupangisha. Baadhi ya wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, wajane na walioachwa, na kodi ya vyumba vinne ndiyo iliyokuwa pensheni yao. Katika ukumbi mmoja waliishi Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni, wakazoea kuazimana chumvi na kugombana kwa zamu ya kufagia ua, yote kwa Kiswahili. Barazani ndipo harusi zilipopangwa, bao likachezwa, na katika miaka ya 1950 habari za chama zikanong'onwa.

Kubomoa hakukuanza na Uhuru. Wajerumani waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi: aliyeweza kujenga jengo la Kizungu akae upande huu, mwenye kibanda akae upande ule. Hawakutaja rangi ya mtu, lakini kila mtu alielewa. Walikusudia kuwahamishia Waafrika nje kidogo ya mji. Vita ya 1914 ikawakatiza. Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916 wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Kisha wakauacha uwanja wa Mnazi Mmoja uwe mpaka wa wazi kati ya Kariakoo na mji wa Wahindi na Wazungu, na vibanda vilivyokuwa hapo vikaondolewa kwa hoja ya afya. Hoja ya afya ina umri mrefu katika mji ule.

Mwaka 1962 Serikali changa iliunda Shirika la Nyumba la Taifa, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuangusha nyumba za udongo na kusimamisha za matofali ya saruji, hasa Magomeni. Nia ilikuwa njema, na asiyekiri hivyo haandiki historia. Nimepata kukaa katika nyumba za udongo na sitazisifu kupita kiasi: wakati wa masika maji huingia ukumbini pasipo kubisha hodi, na choo kimoja kwa familia sita si utamaduni wa kulilia. Taifa lililojitawala liliona aibu raia wake waishi hivyo.

Lakini hesabu haikukaa sawa. Sehemu kubwa ya nyumba zilizojengwa zilichukua tu mahali pa zile zilizovunjwa, wakati wahamiaji kutoka mashamba wakizidi kumiminika. Mwenye nyumba aliyekuwa hadaiwi na mtu akajikuta na nyumba bora yenye deni la kulipa kila mwezi. Na mpangaji, ambaye jina lake halikuwa katika hati yoyote, alifunga godoro lake akaenda kujenga kibanda kingine mbele zaidi, mahali pasipopimwa. Hivyo ubomoaji ulizalisha kile kile ulichokusudia kukifuta. Wako waliosema wakati ule kwamba hiyo ndiyo gharama ya maendeleo. Mimi naona gharama hiyo ilitozwa kwa wasiokuwa na risiti.

Jambo lisilotajwa vya kutosha ni kwamba Serikali iligeuka. Kuanzia mwaka 1972 ilianza kuacha siasa ya kubomoa, ikachukua ya kuboresha makazi yalipo na kupima viwanja vipya vyenye barabara na maji ili watu wajenge wenyewe. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, Manzese ikapata barabara na mabomba, na viwanja vikapimwa Sinza na Kijitonyama. Si kila dola hukiri kwa matendo kuwa ilikosea.

Nyumba ya vyumba sita, hata hivyo, haikuokoka. Mwaka 1975 Kariakoo ilipata soko jipya lililochorwa na Beda Amuli, lenye paa la faneli kubwa za saruji za kukingia mvua, na thamani ya ardhi ya jirani ikazidi kupanda. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, wenye fedha walianza kubisha mlango mmoja mmoja. Shangazi yangu alikuwa na nyumba huko, nami nililala katika chumba chake cha uani nilipoanza kazi ya serikali. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu wanawe walikuwa wamekwisha kugawana fedha kwa maneno. Leo pana ghorofa za maduka, na hapakuwa na tangazo wala amri wala mtu wa kulalamikiwa.

Magomeni Kota, familia 644 zilihamishwa mnamo 2011 na 2012 na nyumba zao zikavunjwa, zikangoja takriban miaka kumi hadi Machi 2022 ndipo majengo mapya ya ghorofa yalipozinduliwa. Waliorudi wamepata vyumba vizuri. Wengine walifia ugenini wakingoja.

Mtaa wa Ifunda, huko huko Magomeni, imehifadhiwa nyumba alimoishi Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1950, na sasa ni makumbusho. Nilipoizuru, wanafunzi walikuwa wakiulizia kitanda na redio. Nilikaa nje nikawangoja, na muuza kahawa aliyekuwa akipita akatua mtungi wake, akaniuliza nyumba za jirani zimekwenda wapi.