Mamlaka ya sheria nje ya dola

Mamlaka ya sheria nje ya dola ni uwezo wa kuweka kanuni, kuamua mashauri na kudai utii usiotokana na serikali ya nchi moja. Mamlaka hayo huweza kuwa juu ya dola, kama mahakama za kikanda, au kando yake, kama mabaraza ya wazee wa mila na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoanzishwa mwaka 1984 huko Lausanne, Uswisi.

Nadharia

Mwaka 1832 Mwingereza John Austin alieleza kuwa sheria ni amri ya mtawala mkuu, na asiyeitii huadhibiwa. Kwa kipimo hicho, pasipo mtawala hapana sheria. H.L.A. Hart alikikataa mwaka 1961: jambazi mwenye bunduki naye huamrisha na kutisha, lakini hakuna anayewajibika kumtii. Joseph Raz (1939–2022), aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu Oxford chini ya Hart na kuhitimu mwaka 1967, alitumia maisha yake kutafuta uhalali wa mamlaka unatoka wapi. Jibu lake: mamlaka huwa halali pale anayeyafuata anapotenda ipasavyo zaidi kuliko kama angejiamulia mwenyewe. Kipimo hiki hakiulizi jeshi wala bendera, hivyo hata chombo kisicho cha dola chaweza kukifikia.

Kesi ya Katabazi

Mfano wa chombo cha namna hiyo ni Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, iliyozinduliwa mwaka 2001 kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini mwaka 1999. Tarehe 16 Novemba 2005, Mahakama Kuu ya Uganda iliwapa dhamana washtakiwa 14 wa uhaini. Kabla hawajatoka, watu wa usalama wenye silaha walilizingira jengo la mahakama, wakavuruga taratibu za dhamana, na washtakiwa wakarudishwa gerezani. Kesho yake walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitamka kwamba uingiliaji huo ulikuwa kinyume cha katiba, lakini bado hawakuachiwa.

Katabazi, mmoja wa washtakiwa hao, na wenzake wakaenda Arusha kushtaki. Serikali ya Uganda ilidai kwamba mahakama hiyo haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mashauri ya haki za binadamu. Tarehe 1 Novemba 2007 majaji waliamua kwamba kutajwa kwa haki za binadamu hakuwazuii kuutafsiri Mkataba, na kwamba kuvamia mahakama na kupuuza amri zake kumevunja utawala wa sheria ambao nchi wanachama zilijifunga kuufuata.

Nguvu na mipaka

Mahakama hiyo haina askari wala gereza. Ibara ya 38 ya Mkataba inazitaka nchi wanachama kutekeleza hukumu zake bila kuchelewa, na utekelezaji wenyewe umo mikononi mwa serikali zilezile zinazoshtakiwa. Mwananchi aliyekwama katika mahakama za kwao ana mlango mwingine Arusha. Kuulinda mlango huo ni wajibu wa kila nchi iliyotia saini.